Wasichana, ujuzi wa kompyuta na kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa wasichana wenyewe, kwa wazazi wao, na kwa watu wenye ofisi au fedha wanaotaka kusaidia. Mengi yametoka Kenya, kwa hiyo mifano mingi ni ya huko. Pale Tanzania inapotofautiana, tumesema. Msimamo wetu utauona ndani ya majibu: msichana wa nyumba ya kipato kidogo akili anayo. Kinachomkwamisha ni nauli, bando, kazi za nyumbani zinazomla muda, na kukosa mtu wa kumshika mkono hadi kazi ya kwanza.

## Mambo ya msingi

1. Ujuzi wa kidijitali ni kuandika programu tu?

Hapana. Kuandika programu ni tawi moja. Yapo mengine: kusanifu michoro, kuchambua takwimu, kujaribu programu kabla hazijafika kwa wateja, kutengeneza kompyuta na mitandao ya ofisi, kuhudumia wateja kwa ujumbe, kuendesha kurasa za biashara. Karani wa SACCO anayeweza kupanga marejesho ya mikopo kwenye Excel na kuonyesha nani amechelewa kulipa ana ujuzi wa kidijitali unaolipwa mshahara. Fundi simu pia anao.

Chini ya matawi hayo yote kuna msingi ambao watu huuruka: kuandika barua pepe yenye kichwa kinachoeleweka, kuhifadhi faili mahali utakapolikuta kesho, kuchagua nywila ambayo si jina lako na mwaka uliozaliwa. Mwajiri huugundua upungufu huo siku ya kwanza.

2. Sijawahi kugusa kompyuta. Nitawafikia wenzangu?

Utawafikia. Kama umewahi kutuma pesa kwa M-Pesa ukakosea namba, ukapeleka ule ujumbe kwa 456 ili muamala urudishwe, basi tayari unajua menyu ni nini, PIN ni nini, na kwamba mfumo hufuata amri uliyoipa hata kama wewe ulimaanisha kitu kingine. Huo ndio moyo wa kazi ya kompyuta.

Kitakachokuchelewesha mwanzoni ni vidole. Jizoeze kuchapa kila siku, dakika 20 tu, bila kutazama kibodi. Usione haya kuwa wa mwisho darasani katika wiki hizo. Aliyekulia na kompyuta nyumbani amekutangulia kwa mazoea, na mazoea hupatikana.

3. Nilipata D kwenye KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya). Je, ndiyo basi?

Kwa kuingia chuo kikuu moja kwa moja, hautaweza, kwa sababu shahada inataka C+. Lakini vyuo vya ufundi, vya TVET, hupokea C- kwa diploma na D kwa cheti, na ngazi ya ufundi wa chini iko wazi kwa aliyefanya KCSE hata kama alama zake ni za chini kabisa. Unaweza kuanza chini ukapanda ngazi kwa ngazi. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hukopesha wanafunzi wa TVET pia, si wa vyuo vikuu peke yao.

Tanzania, ulizia chuo cha ufundi stadi cha VETA kilicho karibu nawe. Na aliyekatiza masomo ya sekondari anaweza kuyamalizia kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Mafunzo mengi ya kuandika programu yanayoendeshwa na mashirika huweka uzito zaidi kwenye mtihani mfupi wa kufikiri na mahojiano kuliko kwenye cheti cha shule.

4. Lazima niwe mkali wa hesabu?

Kwa tovuti, usanifu, huduma kwa wateja na kujaribu programu, hesabu za shule ya msingi zinatosha. Ukichagua takwimu, utahitaji asilimia, wastani na uvumilivu wa kuhakiki namba mara mbili.

5. Mbona mafunzo haya ni ya wasichana peke yao? Na si hii ni kazi ya wanaume?

Tuanze na la kwanza. Ripoti ya 2024 ya GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, ilionyesha kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ulikuwa chini ya ule wa mwanamume kwa asilimia 32. Sababu zake utaziona ukikaa katika nyumba moja kwa wiki. Simu nzuri ni ya baba au ya kaka. Kaka akitoka shule anapita saiba (duka la intaneti). Dada anapita kisimani, kisha jikoni, kisha kwa mtoto mdogo. Saa mbili usiku, saiba inapokuwa na nafasi, njia ya kurudi si salama kwake. Darasa lililofunguliwa kwa wote bila kufikiria mambo hayo hujaa wavulana, na hakuna aliyewafukuza wasichana.

La pili halina ukweli. ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilipozinduliwa Marekani mwaka 1946, walioipangia kazi ya kufanya walikuwa wanawake sita. Hapa kwetu, Ushahidi, jukwaa la kukusanya taarifa za wananchi lililozaliwa Kenya wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, lilikuwa na Ory Okolloh na Juliana Rotich miongoni mwa waanzilishi wake. Baadaye uongozi wake ukashikwa na Angela Oduor Lungati, ambaye pia ni mmoja wa walioanzisha AkiraChix (tazama swali la 10).

## Vifaa, bando na mahali pa kukaa

6. Nina simu tu. Naweza kujifunza?

Unaweza kuanza. Simu ya Android inafungua kwenye kivinjari masomo ya freeCodeCamp, tovuti ya kujifunzia kuandika programu, inaendesha Excel ndogo, na zipo programu za kuandikia HTML, lugha ya kurasa za tovuti, ukaona matokeo papo hapo. Itumie kwa mwezi mmoja au miwili kujipima: je, napenda jambo hili kiasi cha kurudi tena baada ya kukwama?

Baada ya hapo simu itakubana. Kazi halisi inadai uone maelekezo upande mmoja na kazi yako upande wa pili, na kuandika mistari mia kwa kidole gumba kunachosha hadi mtu akadhani somo ndilo gumu. Usijihukumu kwa uchovu wa simu. Tafuta kompyuta, hata ya saa mbili kwa siku.

7. Ninunue laptop gani, na nisiibiwe vipi?

Iliyotumika inatosha. Tafuta yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na diski ya SSD, ile ya kasi. Hizo mbili zina maana kuliko jina la kampuni au ung'avu wa gamba. Ukipewa ya GB 4, weka mfumo mwepesi wa Linux kama Lubuntu badala ya kupambana na Windows inayosota.

Ukifika Luthuli Avenue jijini Nairobi, au Kariakoo ukiwa Dar es Salaam, usiwe na haraka, na ukiweza nenda na mtu anayezijua. Iwashe mwenyewe kutoka imezimwa. Chomoa chaji, fungua video, iache dakika 15. Ikizima, betri imekufa, na bei ishuke. Fungua ukurasa mtupu uandike kila herufi ya kibodi, pamoja na namba na alama ya nukta, kwa sababu herufi moja isiyoandika utaichukia kwa mwaka mzima. Funua na kufunika skrini taratibu ukisikiliza bawaba. Tikisa kidogo waya wa chaji uone kama unakata. Kisha mwambie muuzaji akuingize kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila asiyoijua, iache hapo hapo mezani: huenda ilitoka ofisi fulani bila kufunguliwa, au imeibwa. Risiti iwe na namba ya mashine, si neno «laptop» tu.

8. Bando linaniishia kabla ya mwezi kuisha. Nifanye nini?

Video ndizo zinazomaliza bando. Soma maandishi kwanza, na video ipakue mara moja kwa ubora wa chini uitazame mara nyingi. Programu ya Kiwix ni ya bure na inakuwezesha kupakua Wikipedia nzima ya Kiswahili au masomo ya freeCodeCamp ukayasoma bila mtandao. Tafuta siku moja yenye Wi-Fi ya bure uyapakue yote.

Kenya, maktaba za umma za KNLS ni mahali pa kwanza pa kuulizia kompyuta na mtandao. Ukiwa Mombasa, kuna Swahilipot Hub karibu na Fort Jesus. Ukiwa Kisumu, kuna LakeHub. Dar es Salaam kuna Buni Hub, iliyo chini ya COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia. Nenda ujitambulishe, uulize ratiba.

9. Sioni. Kuna nafasi yangu?

Ipo. Kisomaji cha skrini cha NVDA ni cha bure kwa Windows, na simu za Android zina TalkBack ndani yake. Mweleze mwendeshaji wa mafunzo kabla ya kuanza ili maandishi yake yawe katika mfumo unaosomeka, maana picha za maandishi kisomaji hakizisomi vizuri. Kujaribu tovuti kama zinatumika na wasioona ni kazi halisi, na wewe utaona makosa ambayo mwenye macho anayapita.

## Kuchagua mafunzo

10. Mafunzo ya bure yapo wapi?

AkiraChix ilianzishwa Nairobi mwaka 2010 na wanawake waliokuwa tayari katika teknolojia, na mpango wake wa codeHive huwachukua wasichana kutoka familia zisizo na uwezo, ukawafundisha kwa mwaka mmoja bila ada, wakiishi hapo hapo. Nasisitiza hilo la kuishi hapo. Msichana anayelala karibu na darasa harudi nyumbani kupika kabla ya kufungua daftari.

Ajira Digital ni mpango wa serikali ya Kenya ulioanza 2016, unaofundisha vijana kazi za mtandaoni bila malipo. Kwa Tanzania, Apps and Girls, iliyoanzishwa na Carolyne Ekyarisiima mwaka 2013, imejikita kwa wasichana walio shuleni kupitia klabu za kompyuta. Kwa kujisomea mwenyewe, freeCodeCamp na masomo ya Cisco Networking Academy yana sehemu kubwa isiyolipiwa.

Maombi ya mafunzo ya bure hujaa. Andika maombi matatu, si moja, na usinakili barua ya mwenzako. Wasomaji huzitambua kwa mstari wa pili.

11. Tangazo linasema: lipa ada, baada ya miezi mitatu tunakupa kazi. Niamini?

Usilipe siku hiyo. Omba kuzungumza na wahitimu wawili wa kike wa mwaka uliopita, bila mwalimu kuwepo. Uliza wangapi walianza, wangapi walimaliza, wangapi wanalipwa sasa, na wanafanya kazi gani. Mahali pazuri patakujibu hata kama jibu haliwafurahishi. Mahali pabaya patakuambia nafasi zimebaki mbili.

Wako wanaosema usome sasa, ulipe ukipata kazi. Hilo linaweza kuwa zuri, lakini ni mkataba wa deni. Tafuta ndani yake majibu ya mambo haya: nitakatwa asilimia ngapi, kwa miezi mingapi, kuanzia mshahara upi, na nikipata kazi isiyohusiana na mafunzo haya je? Mpe mtu wa pili ausome kabla hujaweka sahihi.

12. Nianze na somo gani?

Maoni yetu, na najua wapo watakaobisha: anza na Excel, na kuandika vizuri kwa Kiingereza na Kiswahili. Hivyo viwili vitakupa kazi ndogo mapema, na kazi ndogo italipa bando la kujifunzia jambo kubwa. Kisha chagua njia moja. Ukipenda kuona kitu kikitokea machoni, fuata lugha za kutengenezea tovuti: HTML, CSS na JavaScript. Ukipenda kutafuta kosa, fuata kujaribu programu. Ukipenda watu, fuata huduma kwa wateja na ufundi wa ofisi.

Baada ya kuchagua, tulia. Tumeona wengi wakihama kutoka Python kwenda JavaScript kwenda usanifu ndani ya miezi mitano, kila mara kwa sababu rafiki alisema huko ndiko kuna pesa. Wanabaki wanajua mwanzo wa kila kitu.

13. Itachukua muda gani hadi nipate kazi?

Kama unasoma saa nne hadi sita kila siku, hesabu mwaka mmoja wa masomo, na miezi kadhaa ya kutafuta. Kama unasoma usiku baada ya kuuza gengeni, itakuwa zaidi, na si kosa lako. Kazi za Excel na huduma kwa wateja huja mapema zaidi kuliko za kuandika programu.

## Nyumbani

14. Baba hataki. Anasema kompyuta ni uhuni wa mtandaoni. Nifanyeje?

Usianze kwa kubishana kuhusu kompyuta. Mara nyingi hofu yake iko kwingine: utarudi saa ngapi, utakuwa na nani, na nani atafanya kazi zako. Mpe majibu ya hayo kwanza. Mwambie saa za darasa, jina la mwalimu, na namba ya simu ya ofisi anayoweza kupiga mwenyewe.

Kinachosaidia kuliko maneno ni kumleta. Waendeshaji wa mafunzo, tafadhali fanyeni hivi: mwalikeni mzazi siku ya kwanza, mkaribisheni kwa heshima yake. «Shikamoo mzee, karibu uone anakosomea.» Mpeni kiti, mwonyesheni vyoo vya wasichana na mlango wanaotokea. Kwa Pwani, elezeni mapema muda wa swala na kama kuna darasa la wanawake watupu. Mzazi aliyekaa kwenye kile kiti huwa wakili wenu mtaani.

Mama akiwa upande wako, anza naye. Na akiwepo shangazi mwenye sauti katika familia, mtafute.

15. Nina mtoto mchanga. Nisubiri akue?

Sioni sababu ya kusubiri kama una mtu wa kumshika mtoto saa chache. Uliza mahali unapoomba: naweza kuja naye? Kuna chumba cha kunyonyeshea? Nikikosa siku mbili kwa sababu amepelekwa kliniki, nitafukuzwa? Wenye nia njema watakuwa na jibu, na wasio na jibu huenda wakalitafuta kwa sababu umeuliza.

Kama ulikatishwa shule kwa ujauzito, una haki ya kurudi. Kenya imekuwa na sera ya kuwarudisha wasichana waliojifungua tangu 1994. Tanzania iliondoa katazo lake Novemba 2021. Mwalimu mkuu akikuambia vinginevyo, nenda ofisi ya elimu ya wilaya au ya kaunti ndogo.

16. Niliacha mafunzo katikati kwa sababu ya nauli. Naweza kurudi?

Piga simu useme hivyo hivyo: niliacha kwa sababu ya nauli. Wasichana wengi hutoa sababu nyingine kwa kuona aibu, na ofisi inabaki ikidhani somo liliwashinda. Kuhusu wajibu wa wenye mafunzo, tazama swali la 27.

## Kutafuta kazi

17. Kazi ya kwanza huwa ipi?

Mara chache huwa ile uliyoiota. Huwa ni kuingiza data hospitalini, kujibu wateja wa kampuni ya mikopo, kutengeneza tovuti ya shule ya jirani, kupiga picha na kuweka bidhaa za duka mtandaoni. Ichukue kama inalipa kwa haki na inakuachia muda wa kusoma.

Kuna mlango ambao haujapewa macho ya kutosha: biashara ndogo. Tangu Kenya ianze kudai ankara za kielektroniki kupitia eTIMS, mfumo wa mamlaka ya kodi, wenye maduka na mafundi wengi wanahitaji mtu wa kuwaandalia ankara, kupanga risiti na kuwaelekeza. Msichana anayeujua mfumo huo vizuri anaweza kuhudumia maduka kadhaa ya mtaa mmoja kwa malipo ya kila mwezi.

18. Kila tangazo linataka uzoefu. Nitaonyesha nini?

Onyesha kitu ulichokitengeneza kwa ajili ya mtu halisi. Kikokotoo kilichonakiliwa kutoka kwenye somo, mwajiri amekiona mara mia.

Chukua chama cha mama yako, au kikoba kama uko Tanzania. Mhazini ana daftari la mistari, kalamu mbili za rangi, na ugomvi kila mwisho wa mwezi. Tengeneza Excel yenye jina la mwanachama kila mstari na mwezi kila safu. Mwisho wa mstari weka =SUM(B2:M2), na pembeni safu ya faini kwa aliyechelewa. Hapo ndipo utakapogundua mambo: aliyelipa nusu anahesabiwa amechelewa? Aliyefiwa anasamehewa faini? Mkopo wa dharura unakatwa kwenye gawio au unarejeshwa kando? Utalazimika kumwuliza mama, na mama atakuuliza kwa nini jumla ya Mama Fulani imepungua shilingi mia mbili, nawe utaitafuta hadi uione. Siku ukiweza kumweleza mwajiri maswali hayo na ulivyoyajibu, utakuwa unazungumza kama mtu wa kazi. Ondoa majina halisi kabla ya kumwonyesha mtu yeyote. Sheria za kulinda data, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinawalinda wanachama hao, na mwajiri atakuheshimu kwa kujua hilo.

19. Nimepewa mafunzo kwa vitendo bila malipo. Nikubali?

Kama wanalipa nauli na chakula, wamekupa mtu wa kukuelekeza, na kuna tarehe ya mwisho iliyoandikwa, yafikirie. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, wewe ndiye unayewafadhili. Nafasi ya bila malipo kabisa humfaa aliye na mzazi wa kumlipia, ndiyo maana ofisi nyingi hubaki na watoto wa walio nacho.

20. Akili unde (AI) haitazimaliza kazi hizi kabla sijafika?

Imeshaanza kuzipunguza baadhi, hasa za kunakili data na kuandika makala mepesi. Kwa hiyo jifunze kuitumia, lakini kwa mpangilio: jaribu mwenyewe kwanza, ukikwama iulize ikueleze kosa liko wapi, kisha andika upya bila kutazama. Ukianza kwa kuiagiza ikuandikie kila kitu, utashindwa kueleza kazi yako mbele ya mwajiri, na maswali ya namna hiyo huulizwa.

Upo pia upande wa nafasi. Mashine hizi zinajua Kiingereza kuliko Kiswahili, na Kikamba au Kigogo hazikijui sana. Jumuiya ya watafiti ya Masakhane na mradi wa Common Voice wa Mozilla hukusanya sauti na maandishi ya lugha zetu. Kazi ya Common Voice ni ya kujitolea, lakini hukufundisha jinsi data ya lugha inavyoandaliwa.

21. Kwenye mahojiano waliniuliza kama natarajia kuzaa karibuni. Wanaruhusiwa?

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakataza ubaguzi kwa jinsia na kwa ujauzito, na inampa mfanyakazi likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inatoa siku 84, au 100 kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mezani pale unaweza kujibu kwa upole: «Ningependa tuzungumzie ninavyoweza kuifanya kazi hii.» Kisha andika swali hilo, tarehe, na aliyeliuliza.

## Usalama na mambo magumu

22. Bosi anataka tulale ndipo anipe mkataba. Niende wapi?

Kosa ni lake. Usifute ujumbe hata mmoja. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, uzitume kwa mtu unayemwamini. Usikutane naye peke yako kumpa jibu.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu unyanyasaji wa kingono. Uliza iko wapi. Namba 1195 ni ya bure kwa manusura wa ukatili wa kijinsia. Tanzania, hii ni rushwa ya ngono na imo katika sheria ya kuzuia rushwa ya 2007. Piga TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, kwa 113. Sheria ya ajira haimlindi mfanyakazi wa kudumu peke yake, kwa hiyo usinyamaze kwa sababu wewe ni mwanafunzi wa vitendo.

23. Wakala ananipeleka Thailand kwa kazi ya kompyuta. Tiketi wamelipa wao.

Usipande ndege. Tangu 2022 vijana wa Kenya na Uganda wameokolewa kutoka Myanmar, walikovushwa mpaka baada ya kuahidiwa kazi Thailand. Huko walifungiwa na kulazimishwa kuwatapeli watu mtandaoni. Waliolengwa ni hasa vijana wanaojua Kiingereza na kompyuta, yaani watu kama wewe. Hakiki wakala kwa ofisi ya serikali ya huduma za ajira, yaani National Employment Authority ukiwa Kenya, au TaESA ukiwa Tanzania, kabla ya kutoa pasipoti.

24. Rafiki analipwa kwa kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha, tena kwa akaunti ya kukodi. Nijiunge?

Tunakushauri usijiunge. England imefanya biashara ya kuuza insha kuwa kosa kwa sheria ya 2022, na akaunti ya kukodi ikifungwa pesa zako hupotea bila pa kulalamikia. Kubwa zaidi, baada ya miaka miwili huna kazi hata moja unayoweza kuionyesha kwa jina lako.

25. Nimepata kazi ya kuchuja picha na video. Ni salama?

Uliza kabla ya kusaini: nitaona nini? Kupanga picha za barabara na magari ni tofauti na kutazama mauaji na ubakaji kutwa nzima. Tangu 2022 wafanyakazi wa kazi hiyo ya pili wamefikisha malalamiko yao katika mahakama za Nairobi, wakieleza madhara ya afya ya akili. Dai ijulikane kwa maandishi kuna mshauri nasaha gani, mapumziko ya muda gani, na kama unaweza kuhamishiwa kazi nyingine. Mkataba usiotaja unachokwenda kutazama, usiusaini.

## Kwa wanaotaka kusaidia

26. Ofisi yetu ina kompyuta za zamani. Tuwape?

Wapeni zinazowaka, zenye chaji zake, na data zenu zikiwa zimefutwa. Lakini kama fedha ni kidogo, ulizeni kwanza: mara nyingi nauli ya darasa zima kwa muhula, chakula cha mchana na taulo za kike huwabakiza wasichana wengi zaidi kuliko kompyuta kumi kwenye chumba kisicho na umeme wa uhakika.

Kama mna kampuni, kubwa au ndogo, msaada mzuri zaidi ni nafasi ya kazi. Ondoeni «shahada» kwenye tangazo pale ambapo kazi haiihitaji. Mpeni anayekuja kwa vitendo posho, kazi ya kweli, na mtu mmoja anayejua kwamba ni wajibu wake kumjibu maswali.

27. Wengi wanaanza mafunzo yetu, wachache wanamaliza. Tunakosea wapi?

Angalieni ratiba kabla ya kuangalia mtaala. Darasa la saa mbili asubuhi linamtaka msichana wa Kibera au Manzese awe amechota maji, amewaandaa wadogo zake na amepata matatu au daladala kabla ya jua kukaza. Sogezeni hadi saa nne mwone. Lipeni nauli kila siku au kila wiki, kwa simu, si mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi unamkuta ameshaacha.

Mpeni kila msichana mwanamke mmoja aliye kazini wa kuzungumza naye, na muendelee kumfuatilia mwaka mmoja baada ya cheti, kwa sababu kutafuta kazi ndiko kunakovunja moyo kuliko masomo. Na muwe na mtu ambaye kazi yake ni kupiga simu. Asipoonekana siku ya pili, apigiwe siku hiyo hiyo, kwa sauti ya kumjulia hali, kabla hajaona haya kurudi.